Pasi za bustani za michezo na nyongeza zake: wapi hela inarudi, wapi inapotea

Mama wa Bel-Air (mwanzisha uzi)

Yambo wandugu wote. Mwezi huu watu wanne wameniuliza swali moja kwenye WhatsApp, na kila mara najibu nusunusu kwa sababu niko sokoni au jikoni. Leo nimekaa, naliandika lote. Likizo kubwa inakaribia, kuna familia hapa Lubumbashi ambazo viza zimeshatoka, na ndugu wa Bruxelles wameshawaahidi watoto Disneyland. Sasa wanauliza: tukate tiketi ya kawaida, tuchukue pasi ya mwaka, ama tulipe zile nyongeza za kupita foleni?

Sisi tulienda mwaka jana, watu watano: mimi, mume wangu, binti wa miaka 13, kijana wa 9 na kitinda mimba wa 4. Tulifikia kwa dada yangu Bruxelles, majuma matano.

Nianze na pasi, maana hapo hatukuumia. Dada alituambia, "Mtakaa majuma matano, chukueni pasi ya mwaka, mtaingia mnavyotaka." Inapendeza kusikia. Pasi za Disneyland Paris za sasa zilitoka 2023 kwa ngazi tatu, na bei za mwanzo zilikuwa euro 289 kwa Bronze, 499 kwa Silver na 699 kwa Gold. Ile ya chini kabisa, mara watu watano, ni euro 1,445. Sasa tiketi ya siku moja inabadilika bei kulingana na tarehe, lakini tuseme euro 100 hesabu iwe rahisi. Pasi inaanza kukulipa siku ya tatu. Na tiketi ya siku mbili au tatu ukiikata kwa pamoja, kila siku inashuka bei, kwa hiyo siku ya kweli ya kuanza kupata faida inasogea hadi ya nne.

Mume wangu akachukua karatasi akaniuliza, "Tutaenda siku ngapi kwa kweli, si kwa kutamani?" Tukaandika: harusi ya binamu Liège, Jumapili zote kanisani, wazee wa Namur ambao ukifika Ulaya bila kuwasalimu itakuwa maneno mpaka kaburini, na juma moja la kununua bidhaa zangu. Kutoka Bruxelles hadi kule ni kama kilomita 300, kwenda tu. Petroli, ushuru wa barabara, parkingi unailipa kando. Zilibaki siku mbili. Tena pasi ya bei ndogo ina kalenda yake: kuna siku imefungwa, na mara nyingi ndizo siku ambazo kila mtu ana nafasi. Tukaiacha.

Sasa nyongeza. Hapa ndipo hela yetu ilipotea, na hapa ndipo nataka msome polepole.

Zamani kulikuwa na kitu kinaitwa FastPass, bila malipo: unachukua karatasi yenye saa, unarudi saa hiyo unapita. Kikaondolewa, na mwaka 2021 ikaja Premier Access, ya kulipia. Iko ya aina mbili. Ya kwanza unailipia mchezo mmoja kwa mtu mmoja, kwenye simu, ukiwa humo ndani. Ilipoanza ilikuwa kati ya euro 8 na 15, na inapanda watu wakiwa wengi. Ya pili inaitwa Ultimate, ilipoanza ilikuwa kuanzia euro 90 kwa mtu, inakupitisha kwenye michezo yote iliyo kwenye orodha yao. Lakini kila mchezo mara moja tu. Wengi wanadhani ukishalipa unazunguka kama unavyotaka. Hapana.

Ajensi moja ya safari hapa mjini ilituuzia "paketi kamili": tiketi pamoja na Ultimate kwa wote watano. Euro 450 juu ya tiketi, kabla hatujapanda hata ndege. Hakuna aliyetuuliza mtoto mdogo ana urefu gani.

Alikuwa na sentimita 98.

Big Thunder Mountain, ile treni ya mlima mwekundu ambayo watoto wote wanaizungumzia, inataka sentimita 102. Hyperspace Mountain 120. Indiana Jones 140. Kitinda mimba wangu aliwekwa kwenye kijiti cha kupimia, kichwa hakikufika, kijana wa pale akamwinamia akamwomba radhi kwa upole kabisa. Mtoto alilia hadi nje. Binti wangu naye ana urefu wote unaotakiwa, ila kasi anaiogopa: alipanda miwili akasema basi. Mimi nikabaki na mdogo. Kwa hiyo watu watano tulilipa, wawili ndio walioitumia sawasawa. Euro 270 za sisi watatu zilikaa kwenye simu mpaka jioni karibu bila kazi.

Siku ya pili hatukununua kitu mapema. Tulifika kabla milango haijafunguliwa, tukaangalia dakika za foleni kwenye programu yao ya simu, ambayo ni ya bure, tukaenda kwanza pale panapojaa mapema. Kwa watoto wadogo ni Peter Pan: mchezo mfupi, foleni ndefu tangu asubuhi. Mchana foleni zilipovimba tukaingia kwenye maonyesho na matembezi ya wahusika. Tulilipia nyongeza ya mchezo mmoja tu, kwa mume wangu na kijana. Tulitumia chini ya euro 40 na tulipanda vingi kuliko jana yake.

Na kuna vitu vya bure ambavyo hakuna aliyetuambia. Kimoja: wazazi wenye mtoto asiyefika urefu wanaweza kupokezana. Mmoja anasimama foleni na kupanda, mwingine anakaa na mtoto, halafu wanabadilishana bila huyo wa pili kuanza foleni upya. Unamwomba mhudumu mlangoni. Cha pili: baadhi ya michezo, kama Ratatouille, ina mlango wa mtu mmoja mmoja. Ukikubali kukaa mbali na wenzako, wanakuweka kwenye kiti kilichobaki wazi, na mara nyingi unasubiri kidogo sana. Kwa kijana wa miaka 13 na rafiki yake hii ni dhahabu.

Hesabu yangu leo ni hii: Ultimate kwa 90 kama tuliyolipa sisi, ukigawa kwa, tuseme, euro 12 ya mchezo mmoja mmoja, ni michezo saba na nusu. Mtu ambaye hatapanda minane ya ile orodha kwa siku moja, usimnunulie. Na uamuzi ufanywe kichwa kwa kichwa. Familia haipandi kama mtu mmoja.

Ulizeni.

Transit Kasumbalesa

Mama, nakushukuru, lakini nina neno. Mimi kazi yangu ni malori. Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, nimeijua foleni kuliko kitanda changu. Lori likisimama siku moja najua ni dola ngapi zimeondoka: dereva anakula, mteja anapiga simu, nyanya zinaoza. Kwa hiyo foleni kwangu ina bei.

Nikiipeleka hesabu hiyo kule: tiketi za ndege za watu watano kutoka Lubumbashi, viza, makaratasi, zawadi za ndugu, nguo za baridi. Tuseme siku mbili za Disneyland ndizo watoto watakazozikumbuka. Gawa gharama yote ya safari kwa saa za siku hizo mbili, uone saa moja ya pale imekugharimu nini. Halafu mtu akuambie euro 12 inakurudishia karibu saa nzima. Hiyo ni bei ndogo sana! Anayeishi Paris anaweza kusimama, atarudi mwezi ujao. Sisi hatujui kama tutarudi.

Ndiyo maana mimi naona ni sisi wa mbali tunaostahili kulipa, kuliko wao.

Mama wa Bel-Air

@Transit Kasumbalesa umenigusa, na kwa sehemu umenishinda. Ungekuwa na siku moja tu na watoto wote wamevuka sentimita 120, ningekuambia lipa, usiangalie nyuma.

Lakini lori lako likivuka, mzigo wote unavuka. Nyongeza ile inavusha wale tu wanaoweza na wanaotaka. Tena saa za pale hazifanani. Saa tano hadi saa kumi jioni ndipo foleni inapouma. Karibu na saa ya kufunga, familia zenye watoto wadogo zimeshaondoka au zimesimama mbele ya ngome kungoja maonyesho ya usiku, na foleni zinapungua zenyewe. Ukilipa Ultimate asubuhi, umelipia pia zile saa ambazo foleni ingekuwa ndogo bure.

Ninachokataa ni kulipa ukiwa Lubumbashi. Ni sawa na kununua VIP ya Mazembe kabla hujajua wanacheza na nani. Subiri uone uwanja.

Dada wa Lille

Nasoma kutoka Lille, huku Ufaransa, mzaliwa wa Katuba ya Lubumbashi. Mimi pasi ninayo, na ninaitetea, lakini kwa mtu kama mimi: niko karibu, sina watoto wa shule, naweza kwenda Jumanne ya Novemba wakati hakuna mtu. Mwaka huu nimeenda mara nane. Gawa mwenyewe.

Ila kitu ambacho pasi ilinibadilishia si bei, ni namna ya kutembea. Nikiingia na tiketi ya siku, nakimbia toka asubuhi, nataka nimalize vyote, nachoka, nagombana na mume wangu. Nikiingia na pasi, napanda viwili, nakula sandwichi niliyotoka nayo nyumbani, naangalia gwaride, narudi. Nyongeza ya foleni sijawahi kuinunua tangu nipate pasi, sina sababu.

Kwa wanaotoka mbali: kama mnafikia Paris kwenyewe, msikodishe gari. Treni ya RER A inaishia mlangoni kabisa, kituo kinaitwa Marne-la-Vallée Chessy. Mwaka 2025 tiketi moja ya treni kwa eneo zima la Paris ilikuwa euro 2.50, mahali ambapo zamani safari hiyo ilikuwa ghali zaidi. Hela ya parkingi mtanunulia watoto aiskrimu.

Na mtoto ambaye hajafika miaka mitatu haingii kwenye hesabu, anaingia bure. Nimewahi kuona familia imemkatia tiketi mtoto wa miezi kumi na minane. Iliniuma.

Mtoto wa Kipushi

Nyote mnazungumza Ulaya. Wengi wetu huku tunafika Johannesburg kabla ya Paris, kwa biashara au hospitali, basi niongeze la Gold Reef City, bustani ya michezo ya kule.

Iko kusini mwa jiji, imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, shimo namba 14 la Crown Mines. Kuna michezo mikali: Anaconda, na ile Tower of Terror inayoporomoka mita 47, sehemu yake ikiingia ndani ya shimo lenyewe. Vijana wangu walikuja kwa ajili ya hiyo. Lakini kuna nyongeza moja, unailipia kando, ya kushuka mgodini na mwongozaji. Mwenye kutuuzia tiketi aliona tuna mzee akasema labda hatutaihitaji. Mimi mwenyewe nilitaka kuiacha, niliona ni historia ya watu wengine.

Mzee wangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye mgodi wa Kipushi, chini ya ardhi. Kule wanashuka zaidi ya mita 1,000. Tangu alipostaafu hajawahi kutusimulia kitu cha maana, ukimuuliza anasema "kazi ilikuwa kazi."

Tulishuka. Si kina kirefu kama cha Kipushi, lakini giza ni lile lile, na harufu ya mwamba wenye maji. Mwongozaji akawasha mashine ya kutoboa, kelele ikajaa, na mzee akaweka mkono begani mwa mjukuu wake akaanza kuongea. Alieleza jinsi unavyogonga dari na chuma na kusikiliza: mwamba mzima unalia namna yake, mwamba unaotaka kuanguka unalia namna nyingine. Alieleza walivyohesabu milio ya baruti ili wajue kama kuna ambayo haijalipuka. Mwongozaji akazima mashine, akamwachia mzee aongoze. Wageni wengine wakasogea, kijana wangu akawa anatafsiri. Tulikaa kule chini kuliko muda uliopangwa na hakuna aliyetuharakisha.

Tulipotoka tuliona dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa. Mzee alisema tu, "Sisi tulitoa shaba na zinki, hatukuziona zikimiminwa."

Mzee alituacha mwaka huu, Februari. Yale niliyoyasikia siku ile ndiyo pekee niliyo nayo ya miaka yake ya chini ya ardhi. Kwa hiyo Mama wa Bel-Air, hesabu yako ya dakika naikubali kwa nyongeza za foleni. Lakini kuna nyongeza ambazo hazihifadhi dakika hata moja, na hizo muulize kwanza nani yuko kwenye safari.

Mama wa Bel-Air

@Mtoto wa Kipushi pole sana, ndugu yangu. Baba mkwe wangu naye ni wa Kipushi. Nimemsomea mume wangu ujumbe wako, amenyamaza muda mrefu.

Umenikumbusha nyongeza moja ambayo sisi hatukuijutia: picha. Kule kuna wapiga picha wa bustani, na unaweza kununua pasi ya picha, moja inatosha familia nzima. Mwanzoni nilisema simu zetu zinatosha. Halafu nikaangalia simu yangu ya siku ya kwanza: picha mia na kitu, mimi simo hata moja, kwa sababu ndiye ninayeshika simu. Siku ya pili tukainunua. Picha ya watano mbele ya ngome iko sebuleni leo. Mama yangu wa Likasi ameomba nakala.

Matonge XL

Kwa wanaofikia Bruxelles kama mlivyofanya ninyi, kwa nini mnaruka bustani ya Walibi? Iko Wavre, treni ina kituo chake kabisa, Bierges-Walibi. Hata jina limetoka kwenye mitaa ya pale: Wavre, Limal, Bierges. Ipo tangu 1975. Kijana wako wa miaka 13 anayependa kasi (najua Mama, wako haipendi, nasema wa wengine) atapata Kondaa, iliyofunguliwa 2021, mita 50 kwenda juu, kilomita 113 kwa saa.

Pasi ya kule inaeleweka kwa mtu anayekaa majuma matano Bruxelles, kwa sababu hakuna kilomita 300. Asubuhi unaamua, saa moja baadaye uko ndani. Muulizeni ndugu mnayefikia kwake kama atawapeleka watoto siku ambazo ninyi mna shughuli. Hapo pasi inafanya kazi hata mzazi akiwa sokoni. Ila angalieni kalenda: majira ya baridi bustani inafungwa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo "pasi ya mwaka" msiihesabie miezi kumi na miwili. Na Aqualibi, ile ya maji iliyo pale pale, ulizeni kama imo kwenye mlichonunua kabla hamjawavalisha watoto nguo za kuogelea.

Kijana wa Katuba

Mnisamehe. Euro 1,445 za pasi, na huku kwetu maporomoko ya Lofoi, mita zaidi ya 300 za maji yanaanguka, watoto wetu hawajawahi kuyaona. Kundelungu, yaliko maporomoko hayo, ni hifadhi tangu 1970. Siwakatazi, nauliza tu.

Mama wa Bel-Air

@Kijana wa Katuba unauliza vizuri, na sina jibu la kukufurahisha. Tulipanga Lofoi mara mbili. Barabara na gari la kukodi vilitushinda, tukaahirisha. Watoto wangu wameiona ngome ya Disneyland kabla ya Lofoi na hilo silifurahii. Fungua uzi wa gharama za kufika kule, gari gani, kulala wapi, nitakuwa wa kwanza kusoma.

MamaPlamedi

Yambo yaya. Miye niko na batoto babili, mukubwa myaka munane, mudogo myaka ine. Tutaenda mwezi wa nane, siku moya tu, Disneyland. Nimemupima mudogo leo asubuhi ku ukuta: metre moya na sentimetre moya. Sasa nimununulie ile ya kupita foleni ao hapana? Tena niko na mimba, mwezi wa nane nitakuwa na miezi tano.

Mama wa Bel-Air

@MamaPlamedi hongera sana mdogo wangu, Mungu akutunze.

Kwanza wewe mwenyewe: hutapanda ile mikali, kwa hiyo kwa jina lako usinunue nyongeza yoyote. Disneyland Paris wana kadi kwa wajawazito, na nyingine kwa wenye ulemavu, bila malipo, inakurahisishia kuingia. Wanataka hati, basi beba cheti cha daktari, na kabla ya safari waandikieni muulize wanakubali karatasi ya namna gani, isije ya hapa ikakataliwa mlangoni.

Mdogo amebakiza sentimita moja. Kutoka sasa hadi mwezi wa nane anaweza kuifikia, anaweza pia asiifikie. Mpime tena usiku wa kuamkia siku yenyewe, bila viatu, kisigino ukutani. Usimwambie habari ya ule mlima mwekundu mpaka uwe umempima. Wangu aliambiwa miezi mitatu kabla, ndiyo maana alilia vile.

Kwa siku moja, na watu wa kupanda ni baba na yule wa miaka minane, kata tiketi tupu sasa, baada ya kusoma masharti ya kurudishiwa hela. Ultimate acha. Mkiwa ndani, saa tano asubuhi, baba afungue simu aangalie Big Thunder Mountain. Ikiwa foleni imepita saa moja, alipie nafasi mbili za mchezo huo peke yake. Kama mdogo atakuwa amefika 102, alipie tatu.

Siku hiyo ukifika, niandikie alikuwa na sentimita ngapi.